Nendeni Mpaka Kwenye Chemchemi

Wapendwa wa Rumonge, wa Kizuka, wa Minago, wa Magara na wa Nyanza-Lac. Akina mama mnaoanika ndagala mwaloni, akina baba mnaorudi ziwani alfajiri. Na ninyi majirani zetu Waislamu, maana sumu haimuulizi mtoto wazazi wake wanasali wapi: nisikilizeni nyote.

Neno letu limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya pili, kuelekea mwisho. Watu wa Yeriko walimwendea Elisha, yule ambaye ndugu zetu Waislamu wanamtaja kwa jina la Al-Yasaa. Walimwambia kuwa mji wao unapendeza kwa macho, ila maji yake ni mauti na mimba haziponi. Tazameni nabii alivyofanya. Hakukaa getini akimgawia kila mgonjwa kikombe cha dawa. Aliomba bakuli jipya na chumvi ndani yake, akatoka, akaenda hadi pale maji yanapobubujika, na chumvi akaitupa palepale. Nabii wa Mungu alianza na chemchemi, ndugu zangu. Nataka mlishike hilo, kwa sababu leo nahubiri juu ya zebaki iliyo katika miili ya watoto, na juu ya dawa inayoitoa. Wengi wanaitaka dawa. Wachache wanataka kuifuata sumu hadi inakotoka.

Zebaki mnaijua. Ni ile metali ya maji inayong'aa kama fedha, iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya kioo. Ikimwingia mtoto haipigi kelele. Mtoto aliyekuwa mcheshi anakuwa mkali, analia bila sababu, halali usiku. Anatoka jasho jingi na kuyafumba macho mbele ya mwanga. Viganja na nyayo vinawasha, vinakuwa vyekundu, ngozi inabambuka. Miguu inalegea, aliyekwisha kutembea anarudi kutambaa. Ukimpima shinikizo la damu, unakuta liko juu kama la mzee. Mwingine anaamka uso umevimba, miguu imejaa maji, mkojo una povu, kwa sababu figo zimeumia. Na sisi tunasemaje? Mmoja anasema ni bwaki, alishwe vizuri. Mwingine anasema amerogwa. Mtoto anazungushwa kwa waganga, anachanjwa chale, anafukizwa, na kila jioni anarudishwa kulala kwenye shuka ileile yenye sumu.

Msidhani ni aibu yetu peke yetu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, watoto wa Uingereza, Australia na Marekani waliugua hivyohivyo kwa maelfu, na wengi walikufa. Waliuita ugonjwa wa waridi, kwa rangi ya mikono na miguu yao. Kwa miaka mingi mabingwa wa tiba walibishana: ni kijidudu, ni upungufu wa chakula? Mwaka 1948, Josef Warkany na Donald Hubbard wa Cincinnati walichapisha habari kwamba wameikuta zebaki katika mkojo wa watoto hao. Ilitoka wapi? Ilitoka katika unga ambao mama alinunua dukani kwa nia njema kabisa, ampakaze mtoto kwenye ufizi meno yakiota. Upendo wa mama ndio uliobeba kijiko cha sumu. Unga huo ulipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa wa waridi ulikaribia kutoweka kabisa. Haukuondolewa na sindano wala kidonge. Chemchemi ilizibwa, maji yakapona.

Basi chemchemi yetu sisi iko wapi?

Nisikilizeni akina dada, na msinikasirikie, maana nawapenda. Iko kwenye rafu ya bafuni. Iko ndani ya kopo la krimu ya kung'arisha ngozi, na ndani ya kipande cha sabuni kinachouzwa sokoni kwa jina tamu na picha ya mwanamke mweupe. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, ndiyo maana watengenezaji wasio na hofu ya Mungu huitia humo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima waliokuwa wamevimba mwili kwa maradhi ya figo. Wengi wao walikuwa wanawake waliotumia krimu zenye zebaki. Walioacha, baadhi yao walipona. Mwaka 1987 madaktari wa Ubelgiji walieleza habari za mtoto mchanga aliyekutwa na mtoto wa jicho, damu pungufu na figo zilizoguswa. Mama yake alikuwa akitumia sabuni ya zebaki alipokuwa na mimba na alipokuwa akinyonyesha. Mtoto huyo hakuwahi kujichubua. Alizaliwa akiwa tayari amelipa.

Wako watakaosema: mimi naipaka usoni tu, mwanangu simpaki. Dada yangu, mwanao analaza shavu lake wapi? Anaposhika uso wako, vidole vyake anavipeleka wapi? Taulo ni moja, kitanda ni kimoja, mto ni mmoja. Mwaka 2012 wakuu wa afya wa Marekani walitoa taarifa ya familia za California na Virginia: watu ambao hawakugusa krimu hata siku moja, watoto wakiwamo, walikutwa na zebaki katika mkojo, kwa kuwa tu mtu mmoja wa nyumba ile alikuwa akijipaka. Zebaki haikai kwenye ngozi iliyopakwa. Inahama.

Na sasa neno juu ya samaki wetu, maana najua mmekwisha kusikia maneno ya kutisha. Alikuwako daktari Mjapani, Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwahudumia watu wa Minamata. Huko kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, na mwaka 1956 watoto wadogo ndio waliofungua macho ya madaktari. Katika miaka ya 1990 mzee huyo alikuja kwenye Ziwa Victoria, Tanzania na Kenya, kupima nywele za wavuvi na za wachimba dhahabu. Mtu angetarajia kuiona Minamata nyingine. Nywele zilizotisha kuliko zote hazikuwa za wala samaki. Zilikuwa za watu wanaooga sabuni ya kung'arisha ngozi, sabuni iliyotengenezwa Ulaya, ambako watu wa huko wenyewe walikwisha kukatazwa kuitumia. Wakaitengeneza, wakaifunga, wakaisafirisha kwetu. Mungu ameliona hilo.

Ndagala, basi, msimwogope. Ni samaki mdogo, maisha yake ni mafupi, anakula vijidudu vya majini. Hapati muda wa kukusanya zebaki nyingi. Watafiti waliopima samaki wa Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliona jambo ambalo mvuvi yeyote angelikubali akielezwa: zebaki hupanda kadiri samaki anavyokula samaki wenzake na kuzeeka. Kwa hiyo mama mjamzito asifanye samaki wakubwa walao wenzao kuwa chakula cha kila siku. Ndagala na ugali amlishe mwanawe kwa shukrani. Mtu akikutisha uache ndagala huku amekushikia kopo la krimu mkononi, mkimbie.

Ipo chemchemi ya pili, na hii inavuka maji. Vijana wa mwambao wanaofuata dhahabu ng'ambo ya ziwa, Misisi na sehemu nyingine za Fizi, na wale wanaokwenda Cibitoke kwetu hapa Burundi, wanajua namna zebaki inavyotumika: huichanganya na mchanga uliosagwa, ikaikamata dhahabu, kisha tonge lile huchomwa motoni zebaki ipae na dhahabu ibaki. Inapaa kwenda wapi? Inaingia mapafuni mwa aliye karibu. Mvuke wake hauna harufu wala rangi. Human Rights Watch walipoandika juu ya machimbo ya Tanzania mwaka 2013, huko Chunya, Geita na Kahama, waliwakuta watoto wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma. Baba, kama umerudi nyumbani na tonge mfukoni ukalichoma kwenye jiko ambalo mkeo anapikia uji, umewapikia wanao zebaki. Na zebaki iliyobaki kwenye chupa ya dawa usiiache kabatini. Inang'aa, inateleza, inagawanyika na kuungana tena. Hakuna mtoto duniani atakayeiona asiichezee.

Wapo pia wanaosema sumu iko katika chanjo, na kwamba ndiyo inayoleta usonji. Nalijibu kwa haraka kwa kuwa halistahili muda mrefu. Baadhi ya chanjo za chupa ya dozi nyingi hutiwa kihifadhi chenye chembe ya zebaki ya aina nyingine, ambayo mwili wa mtoto huitoa mapema. Chanjo ya surua haina kabisa. Denmark ilikiacha kihifadhi hicho mwaka 1992, na watoto wenye usonji waliendelea kuongezeka vilevile. Surua inaua, tumezika watoto wa surua katika mwambao huu. Mama, mpeleke mtoto akachanjwe.

Sasa tufike kwenye dawa, maana sikuja kuwakatisha tamaa. Dawa ipo. Madaktari huiita tiba ya kelesheni. Ni dawa zenye salfa ndani yake. Salfa huipenda metali, huikamata katika damu na katika figo, na kutoka nayo kwa njia ya mkojo. Iliyo salama zaidi kwa watoto inaitwa DMSA, kidonge cha kumeza chenye harufu ya yai bovu; nyingine ni DMPS. Ile ya kale, BAL, ilibuniwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kupinga gesi ya sumu. Huchomwa kwa sindano yenye maumivu, nayo inaweza kuisukuma zebaki ya aina ile iliyomo katika samaki kuelekea ubongoni badala ya kuitoa. Mnaona? Hata ndani ya hospitali dawa hizi huchaguliwa kwa kicho. Kabla ya kumpa mtoto, daktari anataka kujua ni zebaki ya aina gani, imeingilia wapi, ni kiasi gani katika mkojo au katika damu. Akiisha kuanza, anapima chembe za damu, anapima ini na figo, anampumzisha mtoto, anapima tena.

Na ina mpaka wake. Lazima niwaambie ukweli huu, ingawa unauma. Mwaka 1971 na 1972 watu wa Iraq walipewa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki, wakaioka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 walifia humo. Madaktari walijaribu dawa za kukamata zebaki, na kiasi katika damu kilishuka kweli. Lakini ubongo uliokwisha kuungua haukurudi. Wapo vipofu waliobaki vipofu. Dawa huitoa sumu iliyobaki, haikijengi kilichobomoka. Ndiyo maana napiga kelele mapema. Mtoto aliyepelekwa wiki hii na mtoto atakayepelekwa mwakani si wagonjwa wa namna moja.

Hapo ndipo wanapoingia mbwa mwitu. Wazazi wenye mtoto asiyesema, asiyetazamana na watu, mtoto mwenye usonji au aliyechelewa kukua, wamechoka, wamelia, wangetoa hata nyumba apone. Huja mtu na chupa akisema: mwanao ana zebaki, mimi namsafisha damu. Tena kuna hila ya kumnywesha mtoto dawa ya kelesheni kwanza ndipo mkojo upimwe. Lakini mtu yeyote akinywa dawa hiyo atatoa metali nyingi kuliko kawaida, hata mzima, hata mimi. Kipimo cha namna hiyo ni mtego wa kutolea fedha mfukoni. Mwezi Agosti 2005, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alitundikiwa dawa ya kukamata metali katika zahanati. Ilikamata kalisi ya damu yake, moyo ukasimama, akafa. Alikuwa katika nchi yenye kila kitu, wazazi wakampeleka kwa upendo, akazikwa. Kuna dawa mbili katika ukoo wa dawa hiyo zenye majina yanayokaribiana sana, moja yenye kalisi na moja isiyo nayo, na tofauti yake ni uhai. Je, muuza dawa anayetembea na begi kutoka basi hadi basi anaijua tofauti hiyo?

Wapendwa, usonji si zebaki. Mtoto mwenye usonji ni mtoto kamili wa nyumba yako, anahitaji subira, kufundishwa na kukumbatiwa. Msimfanye shamba la majaribio.

Mnataka kuona tiba ya kelesheni ikifanywa kwa haki? Tazameni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Huko sumu ilikuwa risasi, ndugu yake zebaki katika uovu. Wanavijiji walisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao, vumbi likajaa uani, na watoto zaidi ya 400 walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walikuja na DMSA. Lakini kijiji hakikuhesabiwa kuwa tayari kwa dawa mpaka udongo wenye sumu ulipokwanguliwa uani, ukafukiwa mbali, ukaletwa udongo safi. Kwa nini walisumbuka hivyo, watoto wakiwa mahututi? Kwa sababu mtoto aliyetolewa sumu na kurudishwa kwenye vumbi lilelile angeimeza upya. Ninyi ni watu wa maji, mnalijua jambo hili kuliko wao: mtumbwi ukitoboka, aliye na kata mkononi anayatoa maji usiku kucha, na mtumbwi unazama naye akiwa bado anachota, kama tundu halijazibwa. Walikwangua kwanza, wakatibu baadaye, na maelfu ya watoto wa Zamfara wakapata dawa. Vifo vikashuka.

Elisha na chumvi yake wangewaelewa watu hao.

Basi nawasihi. Mama, leo hii kabla hujalala, chukua kila kopo na kila sabuni ya kung'arisha, uisome. Ukiona herufi Hg, ukiona neno mercure au calomel, ukiona onyo kwamba usiiguse ukiwa umevaa pete au cheni ya dhahabu au fedha, hiyo ni zebaki. Ukikuta kopo halina maandishi yoyote, lihukumu kuwa na hatia, mkorogo wa kupimwa kwa kijiko uchukulie hivyohivyo. Usilitupe ziwani, usilichome, usimpe jirani. Lifunge ndani ya mfuko, ulipeleke kituo cha afya. Ee watu wa Rumonge, mnakaa katikati ya michikichi! Mawese yanawapita mlangoni, sabuni inapikwa kwa mikono yenu wenyewe, ngozi za bibi zenu ziling'aa kwa mafuta hayo hadi uzeeni, na bado mnatoa franka za shule kununua sumu iliyovuka bahari?

Na ninyi wanaume, msinyamaze mkidhani mahubiri haya ni ya wanawake. Nani anamsifu mke wa mwenzake kwa weupe wake? Nani anamwambia binti yake kuwa mweusi mno? Ulimi wako ndio ulionunua kopo lile. Tubu, umwambie mkeo leo, mbele ya watoto, kwamba Mungu hakukosea alipomuumba.

Wenye maduka ya vipodozi: Burundi imo katika Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa nje au kuingizwa nchini baada ya 2025. Hata kama hakuna askari aliyefika kwenye rafu yako, unajua unachouza. Kiondoe.

Wakuu wa komine, wakuu wa afya, wabunge wetu: tangu 2006 nchi hii imemtibu bure mtoto aliye chini ya miaka mitano, na kwa hilo tunamshukuru Mungu na tunawashukuru. Basi timizeni. DMSA imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Iwekwe mahali ambapo daktari wa Rumonge akiiomba inamfikia, na mkojo wa mtoto wa Karonda au wa Kigwena uweze kupelekwa kupimwa na majibu yarudi akiwa bado hai. Wakaguzi waende sokoni na bandarini, waende mara kwa mara.

Nanyi wauguzi, mkimwona mtoto amevimba na chakula hakimpunguzi uvimbe, mkimwona mtoto mkali mwenye jasho, viganja vyekundu na shinikizo la juu, ulizeni maswali mawili tu: nyumbani kwenu nani anajipaka nini? Nani anachoma dhahabu? Ulizeni kwa upole, mama asije akaficha kwa aibu.

Na wewe mama uliyekuwa ukisoma huku ukimtazama mwanao, na moyo umeanza kukudunda: usikae na hofu hiyo hadi Jumapili. Mwondoe kwenye kitanda chenye shuka zile, mbebe, nenda hospitali asubuhi, na kopo lenyewe ulibebe mkononi, umwoneshe daktari.